Sukari ya Mnafu

Mzee Sifael alisogeza sahani kwa kidole kimoja, kama mtu anayemtoa konokono njiani.

"Aika."

"Abee, babu."

"Hiki ni nini?"

"Kabichi, babu. Nimeikata nyembamba kama tambi, nikaipitisha kwenye mafuta kidogo na tangawizi. Ndiyo imekaa mahali pa ugali."

"Imekaa mahali pa ugali." Babu aliyarudia maneno hayo taratibu. "Na ugali wenyewe umekwenda wapi? Umesafiri?"

"Umesafiri, babu."

"Ukirudi uniamshe."

Lakini alikula. Aliimaliza kabichi yote huku akilalamika, akakwangua na vipande vya karoti vilivyobaki pembeni, kisha akatoa hukumu yake. "Imevaa vizuri, ila ndani ya nguo hamna mtu."

Aika alicheka, akaondoa sahani. Alijua babu hasemi kwa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Sifael alikuwa mpishi wa mlimani. Alikuwa akipanda na masufuria na majiko ya gesi hadi kambi ya Barafu, akiwapikia watalii supu mahali ambapo hata kiberiti kinagoma kuwaka. Ajabu ni kwamba hapa nyumbani Marangu hakuwahi kugusa mwiko hata siku moja. Bibi, alipokuwa hai, alimwambia, "Jiko la mlimani ni lako, hili ni langu," na hata baada ya bibi kufa mzee aliendelea kutii. Alikuwa akifika mlangoni mwa jiko, anaegemea mwimo, anaomba chai, basi.

Mambo ya kabichi yalianza siku babu alipokanyaga kaa la moto asijue. Aika ndiye aliyesikia harufu. Mguu ulikuwa umeungua na mwenyewe amekaa anasimulia habari za mvua. Hospitali huko Moshi walipima wakakuta sukari iko juu, kumi na sita. Nesi mmoja mnene, mwenye kalamu kwenye nywele, aliwapa vidonge, kisha akahesabu kwa vidole vyakula vya kupunguza: ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, ndizi za kupika. "Mboga ndiyo ijae kwenye sahani," alisema. "Hivyo vingine viwe vya kuonja tu. Mrudi baada ya wiki nane."

Nje ya hospitali, Eliudi, mtoto wa kwanza wa mzee, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, alizungusha funguo za gari kidoleni akasema kauli yake.

"Wiki nane, baba. Sukari isiposhuka unakuja kukaa kwangu Kimara. Huku nani atakuangalia?"

"Aika yupo."

"Aika ni binti wa darasa la saba, baba. Huu ni ugonjwa wa kusomea."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Walipofika nyumbani babu alipita moja kwa moja kwenye migomba, akasimama pale alipozikwa bibi, kati ya kahawa na mti wa parachichi. Aliporudi alimwambia Aika jambo moja tu: "Kimara nitaamka asubuhi niangalie nini? Ukuta?"

Ni kweli Aika aliishia darasa la saba. Lakini macho yake hayakuishia popote. Alikuwa mtu wa kukaa na kitu akikitazama mpaka kitu chenyewe kichoke kujificha. Tangu utoto alijua kuku yupi anataga wapi, na ng'ombe yupi akiinua sikio la kushoto anataka kupiga teke. Eliudi alipomwachia kipimo cha sukari, kidogo kama simu ya kitochi, Aika alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kila upande. Tone moja la damu, sekunde tano, halafu namba. Ilimshangaza kwamba mwili wa mtu unaweza kusema ukweli upesi kiasi hicho.

Akatafuta daftari. Kila asubuhi kabla ya chai alimchoma babu kidole, akaandika namba, na mbele yake akaandika walichokula jana yake jioni. Ndizi za kupika zilitoka kabisa mezani. Mkungu ulipokomaa alimpelekea jirani yao, Jesse. Mahali pa ugali na ndizi akaweka mboga, na mboga akazipika kila namna aliyoweza kuifikiria. Bilinganya aliichoma kwenye makaa, akaimenya na kuiponda na kitunguu na limau. Ngogwe, zile nyanya chungu, alizipika kwa karanga. Maboga machanga aliyakata vipande akayakaanga na vitunguu saumu mpaka yakapata rangi. Na siku tatu kwa wiki alipika mnafu, kwa sababu mnafu ulijaa kihambani, kwenye shamba lao la migomba, bila kupandwa, na kwa sababu hiyo ndiyo mboga pekee ambayo babu hakuisimanga. Aliupika kama bibi alivyomfundisha, kwa maziwa, kipande cha magadi, na ndizi za kuushikisha.

"Huu sasa ni mnafu," babu alikuwa akisema, huku akisogeza bakuli kuongezewa. "Huu una mtu ndani ya nguo."

Wiki ya tatu ilipoisha Aika alikaa na daftari mlangoni, akalitazama. Namba hazikutulia. Zilipanda na kushuka kama mbuzi kwenye kichuguu. Tisa na nukta moja. Kumi na tatu na nukta nne. Tisa na nusu. Kumi na tatu. Kama babu anakula mboga tu, hii sukari inaingilia wapi?

Wazo la kwanza lilimjia, na halikuwa zuri. Kwa Jesse, siku za Jumatano na Jumamosi, kulikuwa na mbege, pombe ya ndizi. Na babu, kila jioni, alikuwa akichukua fimbo yake na kusema anakwenda kunyoosha mguu.

Jumatano hiyo Aika alimfuata. Alipita nyuma ya mfereji, akajibanza kwenye kahawa za Jesse, akachungulia. Wazee wanne walikaa kwenye benchi, kata ya mbege ikizunguka mkono kwa mkono. Ikamfikia babu. Babu akaipokea, akaichungulia ndani kwa muda mrefu, akavuta harufu yake macho yamefumba, akampa wa pembeni.

"Meku, mzee wangu, leo tena?" Jesse alimtania. "Unanusa tu? Basi tukutoze nusu!"

"Niache ninuse kwa amani," babu alijibu. "Ninachungwa. Hata sasa kuna mtu kwenye kahawa zako, Jesse, na si ngedere, maana ngedere angekuwa amekwisha kohoa."

Wazee wakaangua kicheko. Aika akatoka kwenye kahawa, majani yamemshika kichwani, uso umemwiva kwa aibu.

"Shikamooni," alisema, maana hakuwa na lingine la kusema.

"Marahaba, askari," wakajibu wote kwa pamoja.

Babu hakumkemea. Na hilo ndilo lililomuuma. Walirudi nyumbani, na walipofika kwenye ngazi mzee alisema polepole, "Nimewapa wanaume wenzangu kata bila kuionja, wiki tatu. Ulidhani ni rahisi?"

Kesho yake alfajiri Aika alikwenda kwenye ua, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akampelekea babu kwa mikono miwili. Jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na mtu akiletewa, hata awe na hasira kiasi gani, hakatai. Babu alilipokea, akaliweka kwenye mfuko wa shati kama kalamu.

"Haya. Yamekwisha. Sasa tafuta mwizi wako vizuri."

Aika akarudi kwenye daftari. Safari hii hakutazama namba peke yake, alitazama namba pamoja na chakula, akipitisha kidole mstari kwa mstari. Kabichi, kesho yake tisa. Bilinganya, kesho yake tisa na kidogo. Mnafu, kumi na tatu. Ngogwe, tisa. Mnafu, kumi na tatu na nusu. Mnafu. Mnafu.

Kidole kikasimama.

Mnafu? Mboga ile chungu, ambayo watoto hulazimishwa kuila? Kitu kichungu kinawezaje kuleta sukari? Swali hilo lilimkaa kama kipande cha muwa kwenye meno. Alikwenda kihambani akachuma jani bichi, akalitafuna, akalitema. Uchungu mtupu. Akajaribu jingine kutoka kwenye kivuli, labda la kivulini ni tamu. Nalo lilikuwa chungu.

Akaanza kuondoa kitu kimoja kimoja. Ijumaa alipika mnafu bila magadi. Mboga ikachelewa kulainika, na asubuhi namba ikawa kumi na tatu. Jumatatu akaacha maziwa, akatia mafuta kidogo tu. Namba ikawa kumi na mbili na nukta tisa. Imeshuka, lakini si sana. Jumatano akabadilisha sufuria, kwa kuwa hakujua tena alaumu nini. Ikarudi kumi na tatu. Na wiki zilikuwa zimebaki tatu. Eliudi alishapiga simu kusema chumba cha baba kimepakwa rangi.

"Rangi gani?" babu aliuliza, Aika alipompa habari.

"Hakusema, babu."

"Muulize. Nijue nitakuwa natazama rangi gani."

Vijiti vya kipimo vikaisha, ikabidi Aika ashuke Moshi kununua vingine kwenye duka la dawa. Kwa kuwa anashuka, alifunga na mafungu ya mnafu ya kumpelekea Stella. Huyu alikuwa mwanamke wa Singida, amepanga chumba Majengo, na barazani pake aliuza chakula cha mchana kwa mafundi cherehani na mafundi viatu wa mtaa ule. Mboga zake alizinunua kwa Aika.

Alimkuta anageuza mnafu kwenye sufuria pana. Aika aliweka mzigo chini akasogea kutazama, kama ilivyo tabia yake. Stella alitia karanga za kusaga, akakoroga, akaonja kwa kiganja, akaepua.

"Dada Stella," Aika alisema, "mbona unaepua na hujaweka ndizi?"

"Ndizi ya nini?"

"Ya mnafu."

Stella alimtazama. "Mdogo wangu, ndizi zipo kwenye sufuria lile kule, na nyama. Anayetaka ndizi anapewa ndizi, anayetaka mboga anapewa mboga."

"Si ndizi za kula, dada. Nasema zile za kushikisha mboga."

"Na hizo za kushikisha," Stella aliuliza, mwiko umesimama hewani, "zinatoka kwenye mti gani?"

Fundi mmoja aliyekuwa akisubiri sahani alipasuka kicheko. "Muache, Stella! Mtu wa mlimani hata umpe maji ya kunywa atauliza ndizi iko wapi!"

Lakini Aika hakucheka. Alisimama pale barazani, mkono mdomoni, akiwa anajiona mwenyewe jikoni kwao Marangu, ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, anamenya. Alikuwa amemenya mara ngapi! Ndizi mshare, mbichi, ngumu. Mkono ulimenya wenyewe, kama unavyotia chumvi. Kwao mnafu hauwi mnafu bila ndizi kupondwa ndani yake, na zikishapondwa zinakuwa mnafu. Hakuna mtu anayeziita ndizi tena. Nesi aliposema ndizi za kupika, Aika aliona ndizi za sahani, zile za kuliwa na nyama, akazitoa zote. Hizi hakuziona kabisa.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Zamani, mnafu ulipokuwa wa pembeni ya ugali, sufuria ilikuwa ndogo, ndizi mbili. Sasa mnafu ndio chakula chenyewe, sufuria imekuwa kubwa. Jumatano aliweka ngapi? Alihesabu maganda kwa kumbukumbu. Saba. Na babu alikuwa ameongezewa mara mbili.

"Aika, unaumwa?" Stella aliuliza.

"Hapana, dada. Nimepona."

Alifika nyumbani jua limeanza kupoa. Babu alikuwa kwenye kiti chake akichambua maharage.

"Babu, mwizi nimemkamata."

"Nani?"

"Mimi."

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, punje ya harage katikati ya vidole. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo tu, baadaye kwa mabega, mpaka ungo ukamponyoka mapajani.

"Saba!" alisema, akifuta macho. "Na mimi mpishi wa miaka thelathini na mmoja, ninaikomba bakuli nakwambia huu una mtu ndani! Kumbe mtu mwenyewe ni mkungu mzima! Mjukuu wangu, ungeleta majani mawili ya sale, moja lako moja langu."

Jioni ile alipika mnafu bila ndizi. Majani yalielea kwenye maziwa kama nguo zilizosahaulika mtoni. Babu aliinua kijiko, akakiinamisha, akatazama maji yakidondoka.

"Haya ni maji yaliyopita karibu na mnafu."

Asubuhi yake kipimo kilisema nane na nukta tisa. Aika alilirusha daftari juu, akalidaka. Lakini furaha yake ilikuwa na kasoro, kwani babu alikuwa amekula vijiko vinne tu, na mtu hawezi kuishi kwa vijiko vinne. Siku iliyofuata alijaribu karanga kama za Stella. Babu alikula, akasema ni nzuri, ila ni mboga ya ugenini. Akajaribu mbegu za maboga zilizotwangwa. Babu alisema zimemkumbusha mchanga wa Barafu.

"Sasa babu, huko mlimani viazi vikiisha mlikuwa mnashikisha supu kwa nini?" Aika aliuliza, kwa uchovu tu, akikoroga majivu.

Babu alikuwa mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Siku ya tano viazi huisha kila mara," alisema. "Wapagazi wanavila. Kuna mwaka nilibaki na koliflawa mbili. Nilizichemsha mpaka zikachoka kabisa, nikamwaga maji yote, nikaziponda. Supu ikawa nzito. Wageni wakaomba tena, wakaniambia, mpishi, viazi vyako ni vizuri sana." Akatikisa kichwa. "Sikuwaambia."

Aika aliacha kukoroga. "Koliflawa, babu? Lile ua jeupe?"

"Siri ni kuyakamua maji. Ukiacha maji, umepika uji wa mgonjwa."

Kesho yake asubuhi Aika alikuwa sokoni kabla wauzaji hawajapanga meza, akarudi na koliflawa kubwa kama kichwa cha mtoto. Aliichambua, akaichemsha, akaanza kuiponda kwa mwiko. Nyuma yake alisikia mtu anavuta pumzi kwa uchungu.

"Si hivyo."

"Vipi, babu?"

"Si hivyo, unaipigapiga. Ikandamize. Igeuze. Hapana. Hapana, mama, utaiua."

Mkono wa mzee ulitoka kwenye mwimo. Alitazama kizingiti kwa kitambo, kama anayesubiri sauti ya kutoka ndani imkataze. Kisha akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia. Aika alimpa mwiko, akasogea pembeni, akatazama. Vidole vile, ambavyo kila asubuhi alivichoma, vilishika mwiko kama vinavyosalimiana nao baada ya safari ndefu. Alifunga koliflawa kwenye kitambaa safi, akakamua hadi maji yakakoma. Akaponda. Akatia kwenye mnafu, akakoroga upande mmoja tu, akaongeza maziwa kidogo kidogo. Mboga ikashikana, ikawa nzito, ikapumua viputo vikubwa vya polepole.

Walionja pamoja kutoka kwenye mwiko.

"Kuna mtu?" Aika aliuliza.

Babu aliutafuna mnafu muda mrefu. "Yupo. Ni mgeni, lakini yupo."

Wiki mbili zilizobaki walipika wawili. Namba zikashuka kidogo kidogo, bila kuruka. Siku ya hospitali Eliudi alifika na gari tangu jana yake, na begi la baba yake lilikuwa limeshafungwa, limesimama ukumbini. Nesi mnene alipima, akatazama, akapima tena kidole kingine.

"Saba na nukta nane. Mzee, umefanya nini?"

"Nimeajiriwa upya," babu alisema.

Nesi alitoa kalamu kwenye nywele, akaandika warudi baada ya miezi mitatu, na vidonge visiachwe. Eliudi aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja, akawarudisha Marangu.

Mezani Aika alipakua mnafu, nyama kidogo ya kuchoma, na bilinganya. Eliudi alipeleka kijiko mdomoni, akasita.

"Si mlisema ndizi hamli?"

"Hatuli," babu alisema.

"Baba, mimi nimezaliwa kwenye nyumba hii. Mnafu una ndizi huu. Mnanidanganya mimi na nesi."

"Itafute."

Eliudi alikoroga bakuli, akatandaza mboga kwenye ukingo, akainamia karibu kabisa, mtu mzima na saa yake mkononi. Akaonja. Akaonja tena. Alipoinua uso bakuli lilikuwa tupu, na alikuwa hajaipata.

"Ni nini basi?" alimuuliza Aika. Kwa mara ya kwanza alimuuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Baba mkubwa, kaa mpaka kesho," Aika alisema. "Tutapika, utaangalia."

Babu alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda ukumbini, akafungua begi, akatoa koti lake la baridi na kulitundika kwenye msumari wake. Aika akavuta daftari, akaandika saba na nukta nane, akapiga mstari chini yake. Kisha akaangaza macho dirishani, kwenye ungo wa maharage aliyochambua babu, akatafuna ncha ya kalamu.

Na haya maharage je?

Akafungua ukurasa mpya.